Jina Moja, Kazi Mbalimbali: Ukoo wa Leakey Katika Afrika ya Mashariki

Katika Eneo la Viwanda la Bujumbura, karibu na bandari ya Ziwa Tanganyika, karani afunguapo daftari la mishahara huona majina ya watu, lakini haoni koo zao. Baba na mwanawe waweza kuajiriwa katika kiwanda kimoja na kupokea ujira wao siku moja, na asiyewajua asitambue kwamba ni damu moja. Kwa desturi ya Burundi kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, nalo huwa na maana yake: ni shukrani, au sala, au kumbukumbu ya jambo lililoipata nyumba siku alipozaliwa. Hata katika jumba la kifalme mambo yalikuwa hivyo. Mfalme Mwambutsa wa Nne jina lake la kuzaliwa lilikuwa Bangiricenge. Wanawe walikuwa Louis Rwagasore, shujaa wa uhuru aliyeuawa tarehe 13 Oktoba 1961, na Charles Ndizeye, aliyetawala kwa muda mfupi mwaka 1966 kwa jina la Ntare wa Tano. Baba na wana wawili, na majina matatu yasiyofanana.

Waingereza wanayo desturi nyingine. Kwao jina la baba humfuata mtoto, mjukuu na kitukuu, apende asipende. Yako majina yaliyoenea mno, kama Smith, lenye maana ya mhunzi. Mwenye jina hilo akifanya jema au baya halimwaibishi wala kumpamba mwenzake, kwa kuwa wamejaa kila mji. Lakini yako majina machache ambayo likitajwa moja watu huuliza mara moja: Je, huyu ni wa ukoo ule? Mojawapo ni Leakey. Nchini Uingereza si jina la kawaida. Katika Afrika ya Mashariki limeandikwa katika habari za sayansi, za jeshi, za serikali na za kilimo, tena kwa zaidi ya miaka mia moja. Inafaa kutazama waliolibeba walilifanyia nini, na jina lenyewe liliwafanyia nini wao.

MWANZO WAKE NI KABETE

Mwanzoni mwa karne iliyopita mmisionari Harry Leakey na mkewe walifika Kabete, karibu na Nairobi, wakaishi miongoni mwa Wakikuyu. Harry alishughulika sana na kazi ya kutafsiri Biblia katika lugha ya Kikikuyu. Hapo ndipo alipozaliwa mwanawe Louis, tarehe 7 Agosti 1903. Mtoto huyo alikua na rika la vijana wa Kikikuyu, akazungumza lugha yao kama wao, na akaingizwa katika jando lao. Alipokwenda kusoma Chuo Kikuu cha Cambridge alikitumia Kikikuyu kuwa mojawapo ya lugha zake za mtihani. Baadaye aliandika juzuu tatu juu ya desturi za Wakikuyu wa kusini, zilizochapishwa mwaka 1977, yeye akiwa amekwisha kufariki tangu tarehe 1 Oktoba 1972.

Kazi iliyompa Louis sifa ni ya kutafuta asili ya mwanadamu. Wakati ule wataalamu wengi wa Ulaya walitazamia kuipata Asia au Ulaya. Louis alishikilia kwamba ni Afrika. Mwaka 1931 alifika katika bonde la Olduvai, kaskazini mwa Tanganyika, akapata zana za mawe zilizochongwa na watu wa kale. Lakini zana ni kazi ya fundi, wala si fundi mwenyewe. Fundi huyo alitafutwa kwa miaka 28.

Aliyempata ni Bibi Mary Leakey, mke wa pili wa Louis. Tarehe 17 Julai 1959 mumewe alikuwa mgonjwa, amelala kambini. Mary akatoka na mbwa wake wawili kwenda kuendelea na kazi, akaona mfupa umejitokeza ardhini pamoja na meno. Lilikuwa fuvu la kiumbe wa jamii ya watu wa kale kabisa. Walilipa jina la Zinjanthropus, wakilichukua neno Zinj, jina ambalo Waarabu wa zamani waliita pwani yetu ya Afrika ya Mashariki. Mwaka 1961 wataalamu walipima majivu ya volkeno ya mahali hapo, wakapata umri wa miaka ipatayo 1,750,000. Ulimwengu wa wasomi ukageuza uso kuielekea Afrika.

Mary hakukomea hapo. Katika miaka ya 1978 na 1979 kundi aliloliongoza huko Laetoli, kusini mwa Olduvai, lilifukua nyayo za viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili juu ya majivu mabichi ya volkeno, yapata miaka milioni 3.6 iliyopita. Alifariki Nairobi tarehe 9 Desemba 1996. Kwa muda mrefu watu waliposema "Leakey" walimkusudia mume. Siku hizi hakuna mtaalamu asiyejua kwamba mengi ya yaliyolikuza jina hilo yalitoka katika mikono ya mke.

Louis aliacha alama nyingine katika ziwa letu hilihili. Msafiri atokaye Bujumbura akashika pwani ya mashariki kuelekea kusini, akivuka mpaka wa Burundi, hufika Gombe kabla ya kufika mji wa Kigoma. Mwezi wa Julai 1960 Louis alimpeleka huko msichana wa Kiingereza, Jane Goodall, ambaye hakuwa na shahada yoyote, aende akawachunguze sokwe. Utafiti huo ulikuja kuwa miongoni mwa tafiti maarufu za wanyama duniani, na Goodall aliendelea kuutumikia hadi alipofariki mwaka 2025.

SAJINI NA VIFARU

Tawi jingine la ukoo huo lilikaa Nyeri. Bwana Gray Leakey, binamu wa Louis, alikuwa mkulima huko, na mmoja wa wanawe aliitwa Nigel, aliyezaliwa mwaka 1913. Vita Kuu ya Pili ilipozuka Nigel alikuwa sajini katika Kikosi cha 1/6 cha King's African Rifles, kikosi cha askari wa Tanganyika.

Tarehe 19 Mei 1941, mahali paitwapo Colito nchini Uhabeshi, askari wa kikosi hicho walivuka mto Billate chini ya risasi, wakashika sehemu ndogo ya ng'ambo. Hawakuwa na silaha za kupigania vifaru. Ghafla vifaru vya Waitalia vikatokea vichakani. Sajini Leakey alikuwa na mzinga mdogo wa kurushia makombora, na makombora yalikuwa yamekwisha. Alirukia kifaru kimoja kwa nyuma, akaufungua mfuniko kwa nguvu, akawapiga risasi waliokuwamo, akamwacha dereva tu na kumlazimisha akipeleke kifaru mahali pa kujificha. Alijaribu kuutumia mzinga wa kifaru kile, ikashindikana. Akashuka, akaenda na wenzake kuvinyemelea vifaru vingine. Viwili vikapita. Akaurukia wa tatu wake, akaufungua na kumwua mmoja wa waliokuwa ndani, ndipo kifaru cha nne kilipompiga kwa bunduki ya rashasha akaanguka.

Maiti yake haikuonekana tena. Jina lake limechongwa katika mnara wa kumbukumbu ulioko kwenye makaburi ya vita Nairobi, na mwezi wa Novemba 1945 ilitangazwa nishani ya Victoria Cross, iliyo kuu kupita zote katika jeshi la Uingereza. Ndugu yake Rea naye alikuwa askari, tena wa kikosi cha vifaru, akapigana Afrika ya Kaskazini na mwishowe akafika cheo cha Meja Jenerali. Ndugu mmoja alipanda kifaru kwa kuwa ndiyo kazi yake. Wa pili alikipanda ili akiteke. Mwana wa Rea, Luteni Jenerali David Leakey, aliongoza majeshi ya Umoja wa Ulaya ya kulinda amani Bosnia tangu Desemba 2004.

Miaka 72 baada ya Colito jina hilo lilisikika tena. Tarehe 22 Agosti 2013 katika jimbo la Helmand, Afghanistan, askari wa miavuli wa Uingereza pamoja na Wamarekani na Waafghani walibanwa mlimani na risasi za adui, na kapteni wa Kimarekani akajeruhiwa. Koplo Usu Joshua Leakey, ndugu wa mbali wa Nigel, alikimbia juu ya mteremko usio na pa kujificha, akamhudumia majeruhi, kisha akarudi tena na tena kuzihamisha bunduki za rashasha hadi mahali zilipoweza kuwajibu adui. Mwaka 2015 akapewa Victoria Cross. Kati ya askari watatu wa Uingereza waliopata nishani hiyo katika vita vya Afghanistan, yeye peke yake aliipokea akiwa hai.

Watu watasema: damu ya ushujaa. Lakini askari yeyote aliyewahi kulala handakini anajua kwamba risasi haimwulizi mtu jina la babu yake. Joshua angeweza kubaki nyuma ya jiwe, na jina lisingemsukuma atoke. Sare hutolewa ghalani, kila mtu akapata. Kinachofanywa ndani ya sare ni cha mvaaji.

DAMU YA NYERI

Yapo pia yaliyokuwa mazito. Ukoo wa Leakey ulipata ardhi na elimu katika nchi iliyokuwa chini ya utawala wa kigeni, na Wakikuyu waliowalea watoto wa ukoo huo ndio walionyang'anywa mashamba. Hali ya hatari ilipotangazwa Kenya mwezi wa Oktoba 1952, Louis, ambaye aliijua lugha ya Wakikuyu kuliko Mzungu yeyote, alisimama upande wa serikali. Katika kesi ya Jomo Kenyatta huko Kapenguria aliwekwa kuwa mkalimani, mpaka mawakili wa utetezi walipomlalamikia kuwa ana upendeleo, naye akajiondoa. Katika miaka ile watu zaidi ya 1,000 walinyongwa kwa hukumu za mahakama za kikoloni, na maelfu waliuawa vitani au walifungwa makambini.

Oktoba 1954 wapiganaji wa Mau Mau waliingia nyumbani kwa Gray Leakey, baba yake Nigel. Wakamwua mkewe, nao wakamchukua mzee yule hadi msitu wa Mlima Kenya, wakamzika angali hai. Alikuwa mtu aliyependwa na majirani zake Wakikuyu, hilo halikumwokoa.

Binti yake, Agnes Hofmeyr, alikuwa mbali habari zilipomfikia. Kaka yake alikwisha kufa vitani, na sasa baba. Chuki ingekuwa jambo la kueleweka. Baada ya kushindana na nafsi yake alichagua njia nyingine, akatumia miaka yake kuwapatanisha Wazungu na Waafrika. Baadaye alikutana na mtu aliyekuwa mmojawapo wa walioamua kifo cha baba yake, wakawa marafiki, wakasimama pamoja mbele ya watu kusema juu ya msamaha. Wasomaji wa Burundi hawahitaji kufundishwa ugumu wa jambo hilo. Iko miji na vijiji ambako mjane hukutana sokoni na mtu anayemjua alifanya nini. Agnes hakupewa nishani, wala hakuna kifaru alichokiteka, lakini ushindi wake nao si mdogo.

NDUGU WAWILI NA FIGO MOJA

Louis na Mary walizaa wana watatu: Jonathan, Richard na Philip. Walikulia kambini, katika vumbi la Olduvai, mawe na mifupa vikiwa ndivyo vitu vya kuchezea.

Jonathan, mkubwa, ndiye aliyeona mwaka 1960 taya la kiumbe ambaye mwaka 1964 aliitwa Homo habilis, yaani mtu stadi. Kijana mwingine angeshikilia bahati hiyo maisha yake yote. Yeye aliiacha, akaenda Baringo kufuga nyoka na kukusanya sumu yao, ambayo hutumiwa kutengenezea dawa ya kuwatibu walioumwa na nyoka. Alifariki mwaka 2021.

Richard, aliyezaliwa tarehe 19 Desemba 1944, aliacha shule mapema na hakusoma chuo kikuu, akaapa kutofuata nyayo za baba yake, kisha akazifuata. Mwaka 1968 aliwekwa kuongoza Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Mwaka 1979 figo zake zilishindwa kabisa kufanya kazi. Aliyejitolea kumpa figo moja alikuwa mdogo wake Philip, ambaye walikuwa hawapatani kwa muda mrefu. Philip alikuwa amechaguliwa mwaka uleule kuwa mbunge wa Lang'ata. Akasafiri hadi London akapasuliwa ili kaka yake apone. Katika nyumba nyingi ndugu hukosana kwa shamba, kwa urithi au kwa maneno ya wake zao. Hapa palikuwa na ugomvi, na palikuwa na figo, figo ikashinda.

Uhai huo aliorudishiwa Richard hakuukalia bure. Mwaka 1989 alipewa kazi ya kulinda wanyama wa porini wakati majangili walikuwa wakiwamaliza ndovu. Tarehe 18 Julai mwaka huo Rais Daniel arap Moi aliziwasha moto tani 12 za pembe katika Mbuga ya Nairobi, dunia nzima ikitazama, na kabla ya mwaka kwisha biashara ya pembe za ndovu kati ya mataifa ilipigwa marufuku. Mwaka 1993 ndege aliyoirusha mwenyewe ilianguka, akakatwa miguu yote miwili chini ya magoti. Mwaka 1995 alishiriki kuanzisha chama cha upinzani, Safina. Mwaka 1999 Rais yuleyule aliyempinga alimwita awe mkuu wa utumishi wa serikali. Alifariki tarehe 2 Januari 2022. Mkewe, Dakta Meave Leakey, na binti yao Louise wameendelea na utafiti katika nchi ya Turkana.

MAHARAGWE YA COLIN

Mwana mmoja wa Louis hatajwi sana, naye yampasa kutajwa katika ukurasa usomwao na kina mama. Ni Colin, mtoto wa mke wa kwanza, Frida Avern. Ndoa ya wazazi wake ilivunjika angali mchanga, akalelewa Uingereza na mama yake, mbali na baba mwenye sifa. Kulibeba jina la mtu asiyekuwapo nyumbani si mzigo mwepesi, na watoto wengi wanaujua.

Colin hakutafuta mafuvu. Alijifunza mimea, na katika miaka ya 1960 alifanya utafiti wa kilimo nchini Uganda. Mwaka 1970 alihariri kitabu juu ya kuboresha mazao ya Afrika ya Mashariki. Zao alilolipenda kuliko yote lilikuwa maharagwe, chakula ambacho kwa Mrundi ni cha kila siku. Alizalisha aina ya maharagwe ya manjano isiyomjaza mlaji gesi tumboni kama aina nyingine. Wako watakaocheka, lakini mama apikaye maharagwe asubuhi na jioni kwa watoto wadogo hatacheka. Colin alifariki mwaka 2018.

MAJINA YALIYOFUNIKWA

Jina kubwa lina ila moja: huwa kama mti wenye kivuli kipana, na mimea ya chini yake haionekani. Vitabu husema kwamba Leakey alipata hili na Leakey alipata lile. Fuvu mashuhuri la mwaka 1972, upande wa mashariki wa Ziwa Turkana, liliokotwa na Bernard Ngeneo. Mwezi wa Agosti 1984, huko Nariokotome, magharibi mwa ziwa hilo, Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha fuvu kilichofanana na kokoto. Kikawa mwanzo wa kuufukua mwili wa kijana wa kiume aliyekufa yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita, mifupa yake karibu yote ikiwa pamoja.

Kamoya alianza kazi Olduvai mwaka 1960 akiwa kibarua wa kuchimba. Macho yake na subira yake vilimfanya kiongozi wa watafutaji. Mwaka 1985 alikwenda Washington kupokea nishani mikononi mwa Rais Ronald Reagan, na wataalamu wamewapa viumbe wa kale majina yatokanayo na jina lake. Alifariki mwaka 2022. Huyu hakurithi jina lolote lililojulikana, alilitengeneza.

JINA NI DENI

Ukiwapanga watu hawa mstari mmoja, kama askari gwaride, huoni kitu kimoja walichorithi wote. Mmoja alikuwa na subira, mwingine na hamaki. Mmoja aliua vitani, mwingine akasamehe kuuawa kwa baba yake. Mmoja alifuga nyoka, mwingine akapanda maharagwe. Waliyoshiriki ni herufi sita tu. Kila mmoja alizikuta na sifa za watangulizi wake, na makosa yao pia, na ilimbidi alipe deni hilo kwa kazi yake mwenyewe.

Mzazi wa Burundi ampapo mwanawe jina lake peke yake humwepusha na mzigo huo, na humpa mwingine: hakuna wa kujificha nyuma yake. Mtoto wa askari hatapewa cheo cha baba, wala mtoto wa mfanyakazi wa kiwandani hatarithi ustadi wa mama kwa kuandikwa daftarini. Kinachorithiwa ni kile mtoto alichokiona kikifanywa nyumbani: kazi isiyoachwa nusu, ugomvi uliomalizwa kabla haujazeeka, na haki iliyotolewa kwa msaidizi hata kama jina lake halijulikani. Wahenga wamesema, jina jema hung'ara gizani. Nao hawakusema kama ni la ukoo au la mtu mmoja.